Ruba wa Mguuni na Ruba wa Kooni

Mtu akimwandama mwenzake asimpe nafasi, husemwa kuwa kaganda kama ruba. Msemo huu twautumia kila siku. Lakini tukiulizwa ruba mwenyewe ni mdudu gani, huishi vipi, na afanyeje mtu aliyegandwa naye, kila mmoja wetu hujibu lake. Wa kwanza husema, mtie chumvi. Wa pili husema, mchome kwa moto wa sigara. Wa tatu husema, mvute kwa nguvu zako zote. Majibu yote matatu yana makosa, na katika somo letu hili tutaeleza kwa nini.

Pengine msomaji atauliza: jarida la wakulima wa karafuu na ruba wapi na wapi? Ruba hapandi mkarafuu! Ni kweli. Lakini mkulima wa karafuu naye hakai juu ya mkarafuu mwaka mzima. Mikarafuu yetu iko vilimani, na chini ya vilima pana mabonde ya mpunga, na vijito, na visima vya kuchimba kwa mkono. Mtu yule yule anayechuma karafuu ndiye anayeatika mpunga bondeni. Tena msimu ukifika twahamia dago pamoja na watoto wetu, na huko maji yetu huwa ni yale yaliyo karibu. Basi huko ndiko tunakokutana na ruba.

Jambo kubwa tunalotaka msomaji alishike ni hili moja. Ruba unayemwona mguuni anatisha, lakini madhara yake ni madogo. Ruba usiyemwona, aliyeingia pamoja na maji ya kunywa au ya kutawadha, huyo ndiye wa kuogopwa. Sisi tumezoea kumwogopa wa kwanza na kumsahau wa pili.

RUBA NI MDUDU GANI

Ruba ni jamaa ya nyungunyungu, yule tunayemchimbua ardhini kwa ajili ya chambo. Mwili wake ni laini, hauna mfupa, nao umegawanyika pingili pingili. Tofauti yake ni kwamba ruba ana vikombe viwili vya kunatia, kimoja mbele na kimoja nyuma. Cha mbele ni chembamba, na humo ndimo kilimo kinywa. Cha nyuma ni kipana zaidi, nacho ni cha kujishikia. Akitembea hunata kwa cha mbele, akavuta mwili, akanata kwa cha nyuma, akajinyosha tena, kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri.

Si maruba wote wanaonyonya damu. Wengine hula konokono na wadudu wadogo wa majini, wala hawana haja na mtu. Wanaonyonya damu hupenda maji matamu yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani na matope. Baharini wako maruba wa namna nyingine wanaonyonya samaki, lakini hao hawahusiki na somo letu.

Ruba hujua kama mtu amefika kwa namna tatu: maji yakitikisika, joto la mwili, na harufu ya ngozi. Ndiyo maana aliyeingia bondeni akipiga maji kwa miguu hujikuta amezungukwa, hali mwenzake aliyesimama juu ya tuta hana hata mmoja. Tena ruba ni mvumilivu sana. Akishiba mara moja aweza kukaa miezi mingi bila ya kula tena.

ANAVYOUMA, NA KWA NINI DAMU HAIKATIKI

Ruba anayejulikana zaidi na wataalamu ni ruba wa dawa wa Ulaya, aliyetumiwa na matabibu kwa karne nyingi. Huyo ana taya tatu zenye meno madogo kama ya msumeno, na jeraha lake ni alama ya mistari mitatu inayokutana katikati. Hunyonya kwa muda wa dakika 20 mpaka 40 hivi, na damu anayochukua ni kiasi cha mililita 5 mpaka 15, yaani kijiko kimoja cha chai mpaka vitatu. Akishiba huanguka mwenyewe.

Wengi hawahisi anapouma. Huhisi baadaye, wanapoona damu inatiririka mguuni. Damu hiyo huwatia watu hofu, kwa sababu huendelea kutoka hata ruba akiisha ondoka, na pengine huchukua saa nyingi kukatika. Sababu yake ni mate ya ruba. Mate hayo yana dawa inayozuia damu isigande. Mtaalamu wa Uingereza, John Berry Haycraft, ndiye aliyeonyesha jambo hilo mwaka 1884, na dawa yenyewe yaitwa hirudini. Hata leo madaktari hutumia maruba waliofugwa kwa usafi kumsaidia mgonjwa aliyeshonwa kidole kilichokatika, ili damu isijikusanye mahali pamoja ikaozesha nyama. Marekani iliidhinisha rasmi matumizi hayo mwaka 2004.

Basi ukiona damu haikatiki haraka, usidhani kuwa mshipa umekatwa. Ni mate yale, nayo yatakwisha nguvu.

AKIKUGANDA, UFANYEJE?

Kwanza, tulia. Ukiwa na haraka utafanya jambo la kujutia.

Pili, tazama upande upi ni mwembamba. Huo ndio wenye kinywa. Weka ukucha wako juu ya ngozi, kando kabisa ya kinywa hicho, kisha usukume kwa ubavu, kama mtu anayebandua ukoko wa sufuria. Ukisha achia upande huo, fanya vivyo hivyo kwa upande wa nyuma. Fanya upesi na umtupe mbali, maana atajaribu kunata kidoleni. Kama huna ujasiri wa kumgusa, mwache ashibe. Ataanguka mwenyewe.

Tatu, osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Kisha weka kitambaa safi, ukandamize kwa nguvu bila ya kufunua funua. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usikwangue jeraha, hata likiwasha. Likivimba, likiwa na joto au likitoa usaha siku zifuatazo, nenda kituo cha afya.

Sasa turudi kwa wale washauri wetu watatu. Ukimtia chumvi, tumbaku au ndimu, au ukimchoma moto, ruba ataachia, hilo ni kweli. Lakini kabla ya kuachia aweza kutapika, na matapishi yake huingia katika jeraha. Ndani ya tumbo lake mna vijidudu vinavyomsaidia kusaga damu, navyo vikiingia mwilini mwetu vyaweza kuleta usaha. Na ukimvuta kwa nguvu utachana ngozi, na jeraha lililokuwa dogo likawa kubwa. Haraka haraka haina baraka, na methali hii yamhusu ruba kuliko tunavyodhani.

Wako watu wasiopaswa kungoja nyumbani. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mtoto mdogo aliyegandwa na maruba wengi, na mtu yeyote anayevimba uso au kukosa pumzi baada ya kuumwa, hao wapelekwe hospitali mara moja.

KUJIKINGA BONDENI

Mwenye kuingia katika maji ya mpunga na avae buti za mpira zinazofika karibu na magoti. Asiyekuwa na buti, avae suruali ndefu ya kitambaa kizito, aiingize ndani ya soksi ndefu zilizofumwa kwa karibu, kisha azifunge juu kwa kamba ya kitambaa. Isiwe kamba ya kubana hata mguu ukafa ganzi. Akina mama wavae suruali au soksi hizo ndani ya kanga zao. Kila baada ya muda mtu atoke tutani, ajitazame nyuma ya magoti na baina ya vidole, mahali ambapo macho hayafiki kwa urahisi. Wawili wakifanya kazi pamoja, kila mmoja amtazame mwenziwe.

Yako maruba wasiohitaji hata bonde. Katika misitu yenye mvua nyingi ya mashariki ya Madagaska, upande ule ule unaolima karafuu kwa wingi, wako maruba wa nchi kavu. Wao hukaa juu ya majani na takataka za msituni, wakimngoja mpitaji. Sri Lanka pia wapo. Watu wa huko wanaokwenda msituni huvaa soksi maalumu za kitambaa kilichofumwa kwa karibu sana, zinazovaliwa juu ya suruali mpaka gotini. Tumetaja habari hii kwa sababu somo lake ni lile lile: wenzetu waliozungukwa na maruba kila upande hutegemea kwanza kitambaa kizuri.

Twaulizwa mara nyingi: je, mafuta yetu ya karafuu hayafai kujipaka? Tungependa sana kujibu kuwa yanafaa, lakini tutasema kweli. Mafuta safi ya karafuu ni makali, huunguza ngozi, na ukiingia majini huoshwa yakaondoka. Usijipake bila ya kuyachanganya, wala usimpake mtoto. Na kamwe usiyatone puani au kooni mwa mtu.

RUBA WA KOONI

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Ruba mchanga ni mwembamba kama uzi, na katika maji ya matope hamwoni mtu. Mtu akiinama kijitoni akanywa kwa mdomo, au akateka kwa mikono miwili, aweza kummeza. Namna moja ya maruba hupenda mahali laini, penye unyevu: ndani ya pua, nyuma ya ulimi, kooni. Hunata hapo, na kwa kuwa hapo hapana wa kumwona wala wa kumbandua, hukaa siku nyingi, pengine wiki nyingi, akinyonya na kukua.

Jambo hili si geni duniani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika habari za ruba aliyemezwa. Mwaka 1799 askari wa Ufaransa, katika vita vya Misri na Sham, walikunywa maji ya madimbwi kwa kiu wakagandwa makooni, na daktari wao Larrey akaandika habari zao. Na mwaka 1986 madaktari waliandika habari za ruba wa kooni wa Afrika aliyesababisha upungufu mkubwa wa damu, hata kifo.

Nasi tuna letu la kusimulia, ingawa si la kujivunia. Msimu mmoja, tukiwa dago, mtoto wa mwenzetu mmoja, kijana wa miaka tisa hivi, alianza kutoka damu puani. Tulisema ni jua. Siku ya pili tulisema amejichokora, tukamkaripia. Siku ya nne mmoja wetu akasema atiwe ugoro apige chafya, naye akatiwa, akalia sana, na damu ikazidi. Mtoto alikuwa akisema, "Mna kitu kinatembea," nasi tukasema ni maneno ya kitoto. Siku ya saba alikuwa mweupe wa midomo na hawezi kuokota karafuu zilizoanguka chini ya mti. Hapo ndipo tulipompeleka hospitali.

Mganga alimtazama kwa taa, akamtia dawa ya ganzi, akamtoa ruba kwa koleo ndogo. Kisha hakutuuliza mtoto amekula nini. Alituuliza, "Mnatawadhia wapi?" Tukajibu, kijitoni. Tukanyamaza, kwa maana tulikuwa tumekwisha fahamu. Mtoto yule alipona, lakini alitueleza ukweli siku ya kwanza, na siku sita tulizomkatalia zilikuwa damu yake.

Basi zishikeni dalili hizi. Damu inayotoka puani, upande mmoja, ikarudi kila siku. Kutema damu mbichi bila ya kuwa na kikohozi cha siku nyingi. Sauti kukauka, au kuona kama kitu kimekwama kooni. Mtoto kusema kuna kitu kinatembea. Dalili hizi zaweza kuwa na sababu nyingine pia, na zote ni za kwenda hospitali. Usichokore kwa kijiti, wala usimnyweshe mtoto chumvi au siki. Ruba akiachia vibaya aweza kuteremka katika njia ya pumzi, na hapo hatari ni kubwa zaidi.

Jambo jingine ni la faragha, lakini si haki kulificha. Maruba wameonekana pia kuingia sehemu za siri za watu wanaooga madimbwini, na hasa wasichana wadogo. Msichana akitokwa na damu asiyoielewa, asitishwe wala asishukiwe. Mama yake ampeleke hospitali achunguzwe, na aseme wazi kwamba mtoto huoga dimbwini.

MAJI YA DAGO

Kinga yake ni nyepesi, nayo haigharimu hata bei ya pishi moja ya karafuu.

Maji yote ya dago, ya kunywa, ya kusukutua na ya kutawadha, yachujwe. Twaa kitambaa safi cha bafta, ukikunje mara mbili au nne, ukifunge juu ya mdomo wa ndoo, kisha umimine maji polepole. Baada ya hapo geuza kitambaa na ukifue mbali na kisima, maana kilichonaswa juu yake kisirudi majini. Maji ya kunywa, baada ya kuchujwa, yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, yawekwe katika chombo chenye kifuniko, na kata iwe ya kutekea tu, isiwe ya kunywea. Kuchuja huzuia ruba, lakini hakuzuii kipindupindu wala homa ya matumbo. Kuchemsha ndiko kunakozuia hayo.

Mwenye kutawadha ajue kwamba maji aliyoyachuja ni yale yale. Hayakupungukiwa na kitu. Na kwa kuwa maji hupandishwa puani, hapo ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. Weka ndoo moja ya maji yaliyochujwa karibu na mahali pa kusalia, na watoto wafundishwe kutumia hiyo.

Wanyama nao wasisahauliwe. Punda anayechukua magunia yetu na ng'ombe wetu hunywa madimbwini kwa pua na mdomo. Ukimwona mnyama anatoka damu puani au mdomoni, anatikisa kichwa, anakonda na ufizi wake umekuwa mweupe, mwite bwana mifugo. Ikiwezekana wanyama wanyweshwe kwa ndoo au hodhi safi.

DAMU ISIYO YA RUBA

Tukimaliza, yatupasa kumwondolea ruba lawama moja isiyo yake. Wako wanaosema mtoto akikojoa damu ni kwa sababu amegandwa na ruba bondeni. Ikiwa damu imo ndani ya mkojo, mara nyingi katika visiwa vyetu huwa ni kichocho, na kichocho hakiletwi na ruba. Huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyotoka kwa konokono wadogo wa maji matamu na kupenya katika ngozi ya mtu aliyesimama au kuoga majini. Konokono nao hupata ugonjwa huo kwa mikojo yetu wenyewe.

Tazama basi jinsi mambo haya yalivyofungamana. Maji ni yale yale. Buti zinazozuia ruba husaidia pia kupunguza kichocho. Anayewakataza watoto kuoga dimbwini amewakinga na yote mawili. Na anayejenga choo, akawakataza watu kukojoa bondeni, amewakinga hata majirani asiowajua. Kichocho kina dawa ya vidonge, nayo hutolewa na watu wa afya. Mwenye dalili asione haya.

MASWALI YA KUJIPIMA

Twaomba maswali haya yasomwe tawini au nyumbani, na mwenye kujua amfundishe asiyejua.

1. Ruba ana vikombe vingapi vya kunatia, na kinywa kiko wapi?
2. Kwa nini damu huendelea kutoka hata ruba akiisha ondoka?
3. Chumvi na moto vina ubaya gani?
4. Taja dalili tatu za ruba aliye puani au kooni.
5. Kwa nini maji ya kutawadha yachujwe kama ya kunywa?
6. Mtoto anayekojoa damu, je, ameumwa na ruba? Afanyiwe nini?

Msimu ukija, kila mwenye kufunga mzigo wa kwenda dago, pamoja na majamvi, vipolo na sufuria, atie na vipande viwili vya bafta. Na mtoto akisema kuna kitu kinatembea puani mwake, asadikiwe siku ile ile.